Jiko Kwenye Njia ya Maji

Nilipopata kazi Dar es Salaam nilimweleza mama kwa simu kazi yenyewe ilivyo. Nilimwambia kwamba kabla watu hawajajenga daraja au bwawa, sisi tunalijenga kwanza ndani ya kompyuta, pamoja na bonde lake na vilima vyake, halafu tunalinyeshea mvua tuone litavunjikia wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kutwa unavunja vitu ambavyo havipo," alisema.

"Karibu hivyo, mama."

"Afadhali. Vilivyopo vinavunjika vyenyewe."

Nilijua kwamba anaongea akiwa jikoni, kwa sababu simu yake ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye kidirisha cha jiko kinachotazama bondeni. Nyumbani kwetu ni juu milimani, Upare wa kusini, kijiji ambacho ukisimama ukingoni asubuhi ya jua unaiona Kisiwani kule chini na nyika inayoendelea mpaka macho yachoke. Jiko lilikuwa peke yake, hatua kama kumi kutoka nyumba kubwa, kuta za mawe na udongo, bati lililopata kutu, na ndani yake dari la fito lililokuwa jeusi kwa moshi, ambako mama alikausha mahindi na maharage. Nyuma yake migomba ilianza, iliyobanana kiasi kwamba mchana kulikuwa na kiza. Baba alilijenga jiko hilo kwa mikono yake, walipooana. Alifariki nikiwa chuoni. Kaburi lake liko upande wa juu wa nyumba, limezungukwa na mimea ya masale.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu na nyumbani kwetu havikukutana. Nilipima makalavati ya barabara ambazo sijawahi kuzipita, nikachora mifereji ya mashamba ya mpunga huko Ndungu bila kukanyaga tope lake. Ndipo siku moja nikapigiwa simu na mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chetu. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya kanisani, na ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa mtoto, basi hata alipozungumza habari za maji sauti yake ilipanda na kushuka kama anatafuta noti.

Alisema ndiva imechoka. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, na sisi Wapare tumelitegemea tangu zamani: maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, asubuhi linafunguliwa, na mifereji inayapeleka mashambani kwa zamu. Ya kwetu ilikuwa imejaa matope. Ukuta wake ulikuwa na ufa, na kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekwisha kabla ya kuyafikia mashamba ya chini. Walitaka kujenga nyingine hapo hapo, kubwa zaidi, yenye tuta refu.

"Tumesikia wewe unaweza kuijenga kwanza kwenye kompyuta," alisema. "Njoo utuonyeshe kama itasimama."

Ofisini waliniruhusu nichukue droni na mpima ardhi mmoja kwa wiki mbili. Huyo mpima alikuwa mtu wa Msangeni, kule Mwanga, amenizidi miaka kama kumi, mwenye utani usiokwisha kuhusu watu wa kusini. Tulipopanda kona za mlima kutoka Kisiwani aliniambia kwamba kwao kaskazini barabara zimenyooka kwa sababu watu wake pia wamenyooka. Nilimjibu kwamba nimeiona barabara ya kwao. Tukacheka, na hewa ya baridi ikaanza kuingia dirishani, na mimi nikashusha kioo chote.

Tulirusha droni siku mbili. Inapita juu ya bonde ikienda na kurudi kama mtu anayelima, ikipiga picha mamia kwa mamia. Programu inazilinganisha picha hizo, na kwa kulinganisha inainua vilima na kushusha mabonde, mpaka unapata bonde zima ndani ya kompyuta, unaloweza kuligeuza na kulitazama kutoka upande wowote. Hilo ndilo tunaloliita modeli. Siku ya kwanza mama alisimama uani, mkono juu ya nyusi, akakifuata kile kidude kwa macho.

"Kinaniona?"

"Kinakuona, mama."

"Ungeniambia mapema ningevaa vizuri."

Ndani ya ile modeli nilijenga tuta jipya la ndiva. Nikaweka upande wa kushoto njia ya kupitishia maji yanayozidi, ile mafundi wanayoiita utoro, ili bwawa likijaa kupita kiasi maji yatoke hapo bila kulibomoa tuta. Kisha nikainyeshea mvua ndogo, ya kati, na mwisho kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwenye vitabu vya vipimo vya wilaya. Tuta likasimama. Maji yaliyozidi yakapita kushoto, kwenye ardhi ya mawe isiyolimwa na mtu.

Tuliwaonyesha watu darasani, shule ya msingi, tukitumia ukuta mweupe na projekta ya shule. Waliyatambua mashamba yao. Mama mmoja alimwona ng'ombe wake akafurahi kama amemkuta mjini. Nilipoachia mvua na rangi ya bluu ikaanza kushuka bondeni, darasa zima likainama mbele, na maji yalipogeuka kushoto salama, mwenyekiti akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mimi nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa nyuma, kwenye dawati la mwisho, mikono imelala mapajani.

Asubuhi yake aliniamsha jua likianza kutoka. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kushika panga.

"Vaa viatu vya shamba," alisema. "Na mwite huyo mpima wako. Aje na sululu."

Alituongoza nyuma ya jiko, tukaingia kwenye migomba. Alikwenda moja kwa moja, bila kutafuta, akasimama mahali ambapo mimi niliona ni kama mahali pengine popote. "Chimba hapa," alimwambia mpima. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Alipofika kina cha mkono sululu ikagonga jiwe, halafu jiwe jingine. Akayatoa. Yalikuwa mawe ya mviringo, yaliyolainishwa na maji, ambayo huwezi kuyapata isipokuwa kwenye kijito.

"Haya yamefikaje hapa?" mpima aliuliza.

"Yamebebwa," mama akasema.

"Na nani?"

Alinitazama mimi alipojibu. "Na baba yako."

Akatueleza akiwa amesimama vile vile, panga mkononi. Walipooana, baba alipewa kipande cha mwisho kilichobaki kwenye ardhi ya babu, na kipande hicho kilikatwa katikati na korongo. Korongo lilikuwa kavu karibu miaka yote. Maji yalipita humo pale tu ndiva ilipofurika. Baba alisema hawezi kuishi kwenye ardhi yenye nusu mbili. Kwa viangazi viwili alibeba mawe na udongo akalifukia, akapanda migomba juu yake, na kwa kuwa pale alipoanzia kufukia palikuwa pamesawazika kuliko pengine pote, akajenga jiko.

"Ulipokuwa darasa la pili mvua ikanyesha siku tatu," alisema. "Maji yakaingia jikoni kwa mlango wa nyuma yakatokea kwa mlango wa mbele. Yalinifika hapa." Akagusa goti. "Baba yako alikubeba mgongoni akakupeleka nyumba kubwa."

Nilikumbuka ule mgongo. Nilikumbuka koti lake zito lililolowa na harufu yake, na kwamba nilikuwa na furaha. Miaka yote hiyo nilidhani tulikuwa tunacheza.

"Kwa nini hamkumwambia mtu?"

"Kuziba njia ya maji ya ndiva ni aibu, mwanangu. Wangemwita mbele ya watu wote. Baba yako asingeweza kusimama pale."

"Na jana, darasani? Mbona ulinyamaza?"

Alichomoa jani kavu la mgomba akaliviringisha mkononi. "Jana nilikuwa naliangalia jiko langu pale ukutani," alisema. "Lilikuwa limetoka vizuri."

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la kawaida kabisa katika kazi yetu. Droni haioni ardhi iliyo chini ya majani. Ilipopita juu ya migomba iliona migongo ya majani, na programu ikachukulia kwamba hiyo ndiyo ardhi, ikanipa kilima kidogo mahali palipokuwa na shimo lililofukiwa. Nilitakiwa kushuka na kupima kwa miguu. Sikupima kwa sababu nilidhani pale napajua.

Siku mbili zilizofuata tulipima kwa mkono, mimi na mpima, mama akitutangulia kufyeka. Tulichimba vishimo vidogo kutoka ukingo wa ndiva mpaka chini ya uwanja wa shule, na kila shimo likatoa mawe yale yale ya mviringo. Niliingiza korongo kwenye modeli, pamoja na udongo wake uliolegea, nikaachia ile mvua kubwa. Safari hii tuta lilisimama upande wa kushoto, lakini maji yaliegemea kulia, yakapenya kwenye ule udongo wa kufukia, yakaubeba wote kwa mara moja. Bluu ikapita jikoni kwetu, ikapita kwenye migomba, ikashuka na kuingia darasa la kwanza.

Niliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha nikaanza kutafuta njia nyingine. Nilisogeza tuta juu zaidi. Nililifupisha. Nilipanua utoro wa kushoto mpaka ukagonga mwamba ambao ungehitaji baruti, na zahanati iko jirani. Niliyapeleka maji kwa bomba chini ya njia ya kanisa, na bomba likaziba kwa matope kabla mvua haijafika nusu. Kila nilipojaribu, modeli ilinirudisha pale pale: lifukueni korongo, lijengeeni kwa mawe, maji yapite njia yake ya zamani. Na jiko lilikuwa juu ya njia hiyo, na nusu ya migomba, na msingi wa nyumba kubwa ungebaki hatua mbili kutoka ukingoni, mahali ambapo mimi mwenyewe nisingekubali mtu alale mvua ikinyesha.

Kuna jambo nililolifanya hapo ambalo sijalieleza ofisini. Nilifungua mahali panapoandikwa kiasi cha mvua nikakipunguza. Si sana. Nilipunguza mpaka jiko likabaki limesimama. Nikakaa nikilitazama, kavu, na bati lake, na mama yangu uani, mdogo mdogo, mkono juu ya nyusi.

Mpima alikuja na vikombe viwili vya chai, akaangalia kompyuta, akaangalia namba.

"Nani amepunguza mvua?"

"Mimi."

Hakufanya utani. Aliweka kikombe changu mezani. "Mvua yenyewe haitasoma hapo ulipoandika," alisema taratibu, akatoka nje na chai yake ili niirudishe nikiwa peke yangu. Niliirudisha.

Mkutano wa pili ulikuwa darasani pale pale. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba vipimo vipya vimeonyesha hali tofauti ya udongo. Lakini mama alisimama kabla sijawasha projekta. Alisema shikamoo kwa waliomzidi umri, wakaitikia, kisha akasema, "Pale kwangu palikuwa na korongo. Mume wangu alilifukia. Mimi nilimsaidia kubeba."

Mwenyekiti alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Tulijua, mama," alisema.

"Mlijua?"

"Migomba yako ilikuwa inapata maji wakati ya kila mtu imekauka. Tulijua. Lakini mwenzetu alikuwa ameshajenga, na alikuwa mtu mwema. Na baadaye akafariki. Nani angekuja kwako kuliongelea?"

"Na huyu mwanangu angejenga ndiva juu ya kitu kisichokuwepo?"

"Tusingemwacha ajenge," mwenyekiti akasema. "Tulikuwa tunasubiri useme wewe."

Mama alikaa. Aliyekuwa karibu naye, yule mama mwenye ng'ombe, alimshika mkono na kuendelea kuushika mpaka mkutano ukaisha. Nilionyesha modeli mpya. Safari hiyo hakuna aliyepiga makofi bluu ilipopita salama.

Walianza kazi kiangazi. Nilichukua likizo nikaenda. Mama alilishusha dari mwenyewe, fito moja baada ya nyingine, akizipangusa masizi kana kwamba zitatumika tena. Majirani walikuja kuchukua vichipukizi vya migomba, kila mmoja akaenda kupanda kwake, hata sasa ukipita kijijini utaikuta migomba ya baba kwenye viambo vya watu. Kuta za jiko zilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Mafundi wawili, asubuhi moja. Mama hakuangalia. Alikuwa nyumba kubwa akichambua maharage, na alipomaliza kuyachambua akayachanganya tena akaanza upya.

Kijiji kilimpa kiwanja kando ya barabara, mahali pazuri, lakini magoti yake yalikuwa yameanza kukataa mteremko. Kaka yangu, ambaye ana duka la vipuri Same mjini karibu na stendi, alikuja na gari akamchukua. Godoro, sufuria, picha ya baba, debe la maharage. Alikaa mbele karibu na dereva na hakugeuka nyuma, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma niligeuka kwa niaba yake mpaka kona ya kwanza.

Same si mbali. Ukisimama nyuma ya nyumba ya kaka unaiona milima, imekaa pale kama mtu aliyekaa na kukupa mgongo, na mara nyingi mawingu yameifunika kichwa. Lakini chini huku ni nchi nyingine. Upepo unavuma na vumbi tangu asubuhi, malori ya barabara kuu hayanyamazi, na joto ni la kukaa ndani. Mama alilalamika jambo moja tu. Alisema huku hata maji ya kunywa yana joto. Lakini kila alasiri alitoa kigoda chake nje na kukielekeza milimani, na mke wa kaka alipomwambia kuwa upande ule jua linampiga usoni, alisema halimsumbui.

Nilikuja likizo iliyofuata nikamkuta hivyo. Nikakaa karibu naye, kwenye jamvi. Baada ya muda akauliza, "Nyumbani kwetu, ile ya kwenye kompyuta, bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilifungua ile modeli ya kwanza, ya kabla hatujachimba. Nilimwonyesha jinsi ya kuigeuza kwa kidole. Aliogopa kuigusa mwanzoni, halafu akaizoea. Alipita juu ya kanisa, juu ya shule, akafika kwetu. Alijiona uani.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe."

"Mbona sina uso?"

Nilimweleza kwamba droni ilikuwa juu sana, na kwamba yeye alitikisika kidogo, ndiyo maana ametoka kama madoa ya rangi yaliyosimama. Akakubali. Kisha akasema, "Zunguka huku nyuma nione mlango wa jiko."

Nilizungusha. Chini ya bati hapakuwa na mlango. Palikuwa na tobo lenye kingo zilizochanikachanika, kwa sababu droni haikuona chini ya upenu, na programu haiwezi kujaza kitu ambacho hakuna picha yake. Mama alisogeza uso karibu, akachungulia ndani ya lile tobo. Nilitamani nisingelizungusha.

"Naweza kulijenga," nilisema. "La ndani. Ukinielekeza."

Basi kwa alasiri nne tulijenga jiko. Nilifungua programu tunayotumia kuchorea nyumba, nikasimamisha kuta, na mama kwenye kigoda chake akawa fundi mkuu. Hatukukubaliana karibu katika kila kitu. Mimi niliweka benchi kulia, yeye akasema lilikuwa kushoto na lilihamia kulia baada ya mimi kwenda sekondari. Nilisema mafiga yalikuwa katikati. "Katikati watu wangepita wapi?" Aliniambia niyasogeze karibu na ukuta wa juu, kidogo, kidogo tena, hapo. Alipima kwa mikono yake hewani, shibiri na dhiraa, na mimi nikazigeuza kuwa sentimita. Nilipoweka mlango akaukataa mara moja.

"Huo mrefu. Baba yako alikuwa anainama akiingia. Wewe umeweka mlango wa mtu asiyeinama."

Niliushusha. Akaniambia nishushe tena. Kisha akatulia, akautazama, na nikaona midomo yake ikisogea kidogo kama anayemjibu mtu aliyeingia.

Kazini tunajenga modeli ili tujue jambo ambalo halijatokea: je, tuta litasimama, je, maji yatafika shambani. Hii haikuwa na swali lolote ndani yake. Nilijua fito ngapi, nilijua kimo cha dari, nilijua mwanga wa saa kumi unaingia kwa pembe gani kwenye kidirisha, kwa sababu programu inaweza kupanga jua la mahali popote duniani, na nilipanga jua la kwetu. Mwanga ukaingia ukalala sakafuni. Mama akashika mkono wangu uliokuwa kwenye kompyuta.

"Inatosha sasa," alisema.

"Bado rafu ya vikombe."

"Acha. Nikiangalia sana naanza kutafuta mahali pa kukaa."

Nikafunga kompyuta. Tulikaa pale mpaka mke wa kaka alipotuita kula, na chakula kilikuwa makande, na mama alisema yamepikwa vizuri ila hayana moshi. Mke wa kaka, ambaye anapika kwa gesi, hakuchukia. Alisema kesho atajaribu kuyapika kwa kuni huko nje.

Masika yalipokuja niliona taarifa za mvua nikiwa Dar es Salaam, na siku tatu sikuweza kufanya kazi nyingine. Siku ya tatu mwenyekiti alinipigia. Hakusalimia. Alinyoosha simu yake mbele na nikasikia kishindo cha maji mengi yanayopita kwenye mawe. Kilikwenda hivyo kwa dakika nzima. "Unasikia?" alisema hatimaye. "Yamejaa, na yanapita huko huko. Watoto wako darasani wanasoma." Nilimshukuru. Nilipokata simu nilikwenda kwenye dirisha la ofisi yetu ya ghorofa ya tatu, nikasimama nikiangalia paa za watu, nikijua maji yale yanapita hasa wapi, juu ya sakafu ipi. Nilifurahi, na nililia, na sikuweza kusema kipi kilianza.

Baadaye tuliweka kwenye ndiva kipimo kidogo kinachotuma kimo cha maji kwa mtandao wa simu, ili nione kama vile modeli inavyosema ndivyo bwawa linavyofanya. Mara nyingi vinakubaliana. Mama alipoambiwa na kaka kwamba mimi huku pwani ninaweza kujua maji ya ndiva yako wapi, akaanza kunipigia kila Jumapili baada ya ibada.

"Leo yamefika wapi?"

"Robo tatu, mama."

"Basi leo wanamwagilia upande wa juu. Maharage yatakuwa yametoa maua." Kisha ananielezea shamba la nani litapata kwanza na nani atalalamika kuwa zamu yake imekatwa, na mimi namsikiliza, mmoja yuko Same na mwingine yuko Dar es Salaam, wote tukiwa kwenye ukingo wa mfereji.

Jumapili iliyopita nilimwambia maji yamejaa.

"Hicho kipimo chako," aliuliza, "kinaweza kusema kama kuna ukungu?"

"Hakiwezi, mama. Kinapima maji tu."

"Basi uliza mtu."

Nilimpigia mwenyekiti. Alikuwa ndiyo kwanza amefika nyumbani kutoka kwenye mazoezi ya kwaya. Alisema ukungu umeshuka tangu alfajiri, kanisa halionekani ukiwa barabarani, na kwamba yeye mwenyewe amevaa koti ndani ya nyumba. Nikampigia mama nikamweleza yote, mpaka habari ya koti.

"Koti lipi?" akauliza.

Sikuwa nimeuliza. Nikamwambia asubiri, nikampigia mwenyekiti tena.